Mashudu ya Soya Yaliyokwama Tunduma: Uchambuzi wa Kisa cha Mwagizaji wa Mara ya Kwanza

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kuchanganya chakula cha kuku katika Mkoa wa Iringa. Jina lake, tarehe, kiasi halisi cha fedha na majina ya kampuni zote zilizohusika vimeondolewa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kuwafunza wengine. Nimekichagua kwa sababu karibu kila kilichomgharimu kilikuwa kimekwisha kuamuliwa kabla gari halijafika mpakani, ingawa machoni pa watu wengi ilionekana kwamba tatizo lilianzia Tunduma.

Usuli

Kiwanda chake kinatumia mahindi na pumba zinazopatikana jirani, pamoja na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wa mafuta wa mkoani. Mashudu ya alizeti yana nyuzinyuzi nyingi, na kuku wa nyama hawezi kukua kwa kasi inayotakiwa akiyategemea peke yake, kwa hiyo kila mchanganyiko mzuri unahitaji mashudu ya soya, ambayo yana protini nyingi zaidi na yenye ubora zaidi. Kwa miaka kadhaa aliyanunua kwa mfanyabiashara wa jumla jijini Mbeya, ambaye naye aliyaleta kutoka Zambia.

Msimu mmoja bei ya jumla ilipanda, naye akapata mawasiliano ya kiwanda cha kukamua soya katika ukanda wa kati wa Zambia. Tofauti kati ya bei ya kiwandani na bei ya Mbeya ilikuwa kubwa kiasi cha kumshawishi mtu yeyote. Akaamua kuleta lori moja la tani 30, yaani magunia 600 ya kilo 50.

Usafiri aliupata kwa njia ambayo watu wa barabara ya TANZAM wanaifahamu vizuri. Malori mengi yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo kutoka Dar es Salaam hurudi matupu, na madalali wa magari walioko Mbeya na Tunduma huwatafutia madereva mzigo wa kurudi nao kwa nauli nafuu. Dalali mmoja alimpatia lori la namna hiyo, wakakubaliana nauli moja kwa safari nzima, kutoka kiwandani Zambia hadi mlangoni kwake Iringa.

Vibali alivishughulikia mwenyewe na mapema, kwa kuwa anayo elimu ya mifugo na alijua nani anasimamia nini. Aliomba kibali cha kuingiza mazao ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, akaomba kibali cha wizara inayosimamia mifugo kwa kuwa vyakula vya wanyama vina sheria yake ya mwaka 2010, kisha akamtaka muuzaji ampatie cheti cha afya ya mimea cha Zambia. Wakala wa forodha hakumtafuta. Aliambiwa kwamba Tunduma mawakala wako kila kona, na kwamba atampata mmoja siku gari litakapofika.

Kilichotokea

Muuzaji alipakia, akatuma ankara, orodha ya vifungashio, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha nchi bidhaa ilikozalishwa. Cheti hicho cha uasili kilikuwa cha COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mama alipouliza kama kinafaa, dereva alimtoa wasiwasi kwa kumwonyesha kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo kweli inatambuliwa Tanzania, akasema kwamba kama kadi inapita basi na cheti kitapita. Ilikuwa hoja yenye mantiki kwa mtu asiyejua kwamba mpango wa kadi ya njano unashirikisha Tanzania hadi leo, ilhali nchi ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000.

Gari lilifika Tunduma siku ya Ijumaa mchana. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe rasmi Oktoba 2019, gari linaloingia Tanzania husimama upande wa Tunduma tu, ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mama alikuwa hapo tayari, na kabla hajaulizia ofisi yoyote alifuatwa na kijana mmoja mwenye faili mkononi aliyejitambulisha kuwa wakala. Walielewana bei, akampa malipo ya awali pamoja na nyaraka zote.

Jioni hiyohiyo kadhia, yaani tamko la forodha la mzigo, iliingizwa kwenye mfumo wa forodha kwa kutumia leseni ya kampuni ambayo mama hakuwahi kuisikia. Kijana yule hakuwa na leseni wala hakuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo. Alikuwa kishoka, kama wanavyoitwa mpakani, anayewapelekea kazi wenye leseni na kula tofauti ya bei.

Kadhia ile ilikuwa na kasoro tatu. Ya kwanza ilitokana na ankara, ambayo katika mstari wa maelezo ya bidhaa ilisomeka tu kwamba ni chakula cha mifugo cha soya. Aliyeandika kadhia akaiweka bidhaa chini ya msimbo wa forodha wa kichwa namba 2309, ambacho ni cha vyakula vya mifugo vilivyotengenezwa tayari, wakati mashudu ya soya yana kichwa chake, namba 2304, na ndicho kilichoandikwa kwenye cheti cha uasili. Ya pili, nauli yote hadi Iringa ilijumlishwa kwenye thamani ya mzigo. Ya tatu, unafuu wa ushuru uliombwa kwa cheti cha COMESA.

Ofisa aliyepitia kadhia aliirudisha akiwa na maswali mawili: kwa nini msimbo wa kadhia haulingani na wa cheti, na ni kwa mkataba gani unafuu unaombwa. Akaagiza mzigo ukaguliwe. Magunia ya juu yalishushwa, mkaguzi akayachoma bambo moja baada ya jingine, na kilichomiminika kiganjani kilikuwa chengachenga za rangi ya manjano iliyofifia, za aina moja, zisizo na dalili ya mahindi wala madini yaliyochanganywa. Ukaguzi ukathibitisha kwamba ni mashudu matupu. Hilo lilimaliza swali la bidhaa, lakini cheti kilikataliwa, na kadhia ikabaki na msimbo usio sahihi.

Hapo kishoka akaja na njia ya mkato. Alisema, "Mama, tuandike ankara nyingine yenye bei ya chini, ushuru utakuwa mdogo na kesho unaondoka." Mama akamjibu, "Mwanangu, ankara yangu ni hiyo moja, na ndiyo niliyolipia benki." Akamwomba nyaraka zake, akampigia simu yule mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuwa akimuuzia mashudu. Mzee yule, ambaye angeweza kumwacha apate somo, alimwelekeza kwa wakala wake mwenye leseni.

Maamuzi ya siku za kusubiri

Wakala mpya alianza kwa kumweleza kwamba hawezi kuigusa kadhia iliyofunguliwa na kampuni nyingine. Ilibidi mwenye leseni ile apatikane na aombe forodha iifute, na kumpata kulichukua siku nzima, kwa kuwa kishoka alizima simu na jina la kampuni lilijulikana kwa kusomwa tu kwenye nakala ya kadhia.

Wakati huohuo kulikuwa na njia mbili mezani. Njia ya kwanza ilikuwa kulipa ushuru kamili wa Jedwali la Ushuru wa Pamoja la Afrika Mashariki, kuondoka, na baadaye kudai marejesho kwa kuwasilisha cheti sahihi, kwa kuwa sheria ya forodha inaruhusu dai la marejesho ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Njia ya pili ilikuwa kumtaka muuzaji apate cheti cha uasili cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ambayo Tanzania na Zambia zote ni wanachama, kusubiri, na kuingiza mzigo bila ushuru wa forodha.

Wakala hakupendekeza njia yoyote kabla ya kupiga hesabu. Mwenye lori alikuwa ameahidi siku mbili za kusimama bila malipo, kisha kila siku ina bei yake. Ushuru uliokadiriwa ulikuwa sawa na gharama ya gari kusimama siku tisa hivi. Muuzaji alisema cheti kinaweza kupatikana ndani ya siku chache za kazi, lakini Jumamosi na Jumapili zilikuwa katikati. Wakakubaliana kusubiri, kwa sharti kwamba kama cheti hakijafika hadi Alhamisi jioni, mama atalipa ushuru Ijumaa asubuhi na kudai marejesho baadaye. Kikomo hicho kiliandikwa kwenye ujumbe wa simu, ili kesho yake mtu asije akasema "tungoje kidogo tena".

Jambo jingine ambalo wakala alilishughulikia, na ambalo mama hakuwa amelifikiria kabisa, ni nauli. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, thamani inayotozwa kodi hujumuisha usafiri na bima hadi mahali mzigo unapoingilia, na usafiri wa baada ya hapo huachwa nje mradi umetenganishwa kwenye nyaraka. Kutoka Tunduma hadi Iringa ni zaidi ya kilometa 400. Kipande hicho kilikuwa kimeingizwa kwenye thamani kwa sababu tu dalali aliandika kiasi kimoja kwa safari nzima. Mwenye lori alikubali kutoa ankara mpya ya nauli yenye mistari miwili, mmoja hadi Tunduma na mwingine kutoka Tunduma hadi Iringa, kwa mgawanyo halisi wa umbali.

Matokeo

Cheti cha SADC kilifika Jumatano. Kadhia mpya iliingizwa siku hiyo ikiwa na msimbo sahihi na nauli iliyotenganishwa, mama akalipa benki mwenyewe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, na gari likaondoka kesho yake. Ushuru wa forodha haukutozwa. Ada nyingine za kuingiza mzigo zililipwa kama kawaida, kwa sababu cheti cha uasili huondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani na ada za uchakataji zina sheria zake, na msamaha wa moja hauihusu nyingine.

Alipojumlisha gharama za gari kusimama, malipo ya kishoka yasiyorudi, malazi, ada ya wakala na gharama ya kushusha na kupakia magunia ya ukaguzi, kilo moja ya mashudu ilimfikia Iringa kwa bei iliyokaribiana sana na ile ya jumla ya Mbeya. Hakupata hasara, lakini sababu iliyompeleka Zambia haikuonekana tena kwenye hesabu. Aidha, baadhi ya wateja wake walinunua chakula kwingine wiki hiyo, na si wote waliorudi.

Uchambuzi

Nianze na cheti, kwa kuwa ndicho kilichomsimamisha. Muuzaji hakuwa na nia mbaya. Wateja wake wengi wako Kongo, Malawi na Kenya, nchi ambazo zote zimo COMESA, na mizigo ya Kenya hupita Tunduma ikiwa safarini, kwa hiyo amezoea kuona karatasi ileile ikivuka mpaka uleule. Tofauti ni kwamba mzigo unaopita haudai unafuu Tanzania, unaudai kule unakoishia. Kati ya Tanzania na Zambia unafuu huo unapatikana kupitia eneo huru la biashara la SADC, lililoanza mwaka 2008. Mashudu haya yalistahili bila ubishi wowote, kwani soya ililimwa Zambia na kukamuliwa Zambia. Yaani haki ilikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni karatasi inayoitambulisha haki hiyo, na swali moja kwa wakala kabla ya kupakia lingetosha. Wafanyabiashara wa Mbeya, Songwe na Iringa wanaonunua Zambia wanapaswa kulitaja jina la cheti wanachotaka katika oda yenyewe, wala wasimwachie muuzaji achague.

Suala la msimbo ni pana zaidi kuliko linavyoonekana hapa. Maneno ya ankara huandikwa na muuzaji kwa ajili ya soko lake, hayaandikwi kwa ajili ya forodha. "Chakula cha mifugo" ni jina sahihi kabisa kwa mfugaji, lakini forodhani linaweza kuangukia zaidi ya kichwa kimoja, na kila kichwa kina kiwango chake cha ushuru na masharti yake ya vibali. Ankara ingesomeka "mashudu ya soya yaliyobaki baada ya kukamua mafuta", pasingekuwa na mjadala wala magunia kushushwa. Kwa bidhaa zenye utata wa kweli, kama mashine inayokuja vipandevipande, mwagizaji anaweza kuiomba forodha uamuzi wa awali wa kimaandishi kuhusu msimbo kabla ya kuagiza. Kwa mashudu utaratibu huo haukuhitajika, macho ya mzoefu yangetosha.

Sasa wakala. Swali ambalo watu huniuliza mara kwa mara ni kama wakala ni wa lazima. Abiria mwenye vitu vyake binafsi hutamka mwenyewe mbele ya ofisa na kulipa anachotakiwa. Mzigo wa biashara kama huu kadhia yake huingizwa kwenye mfumo na wakala aliyesajiliwa, kwa hiyo kumkwepa hakuwezekani. Kinachobaki mikononi mwa mwenye mzigo ni kumchagua nani na kumwita lini. Mama alimwita gari likiwa tayari limesimama, wakati nauli imekwisha kukubaliwa, ankara imekwisha kuandikwa na cheti kimekwisha kutolewa. Wakala anayepewa mzigo katika hali hiyo, hata awe mwaminifu na hodari, hawezi tena kupanga, anarekebisha tu, na kila rekebisho linalipiwa kwa siku za gari. Wakala yuleyule angeulizwa kabla ya malipo ya kwanza kwenda kwa muuzaji, angehitaji rasimu ya ankara tu, na kadhia ingeingizwa gari likiwa bado liko njiani Zambia, kwa kuwa utaratibu unaruhusu nyaraka kutangulia mzigo.

Kumpata mwenye leseni si kazi ngumu. Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoa leseni kwa mwaka na ina orodha ya mawakala wanaotambuliwa, hivyo jina la kampuni linaweza kuthibitishwa kabla ya kukabidhi karatasi yoyote. Mwenye mzigo ampe wakala idhini ya maandishi, aombe nakala ya kadhia kabla haijawasilishwa, aisome mstari kwa mstari, na kodi alipe mwenyewe kwa namba ya malipo badala ya kukabidhi fedha taslimu. Mama hakufanya hata moja kati ya hayo na yule kijana wa kwanza, na naamini hali ingekuwa ileile hata kama kijana angekuwa na leseni halali, kwani kasoro zote tatu zilionekana wazi kwenye nakala.

Wako wanaodhani kwamba ukishamkabidhi wakala, makosa ni yake. Sheria ya mwaka 2004 inasema vinginevyo. Kifungu cha 147 kinamfanya wakala awajibike kana kwamba yeye ndiye mwenye mzigo, na kifungu cha 148 kinamwacha mwenye mzigo akiwajibika kwa matendo ya wakala aliyemwidhinisha. Wote wawili wanashikwa. Ndiyo maana naliona jibu la mama kwa kishoka kuwa uamuzi bora kuliko mwingine wowote katika kisa hiki. Ankara ya bandia ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 203, na kumbukumbu za forodha hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitano ambamo maofisa wanaweza kurudi kukagua. Malipo yake ya benki yalikuwa yameonyesha bei ya kweli. Siku yoyote ya ukaguzi karatasi mbili zingekinzana, na jina ambalo lingekutwa juu yake lingekuwa la kwake, kishoka akiwa hajulikani aliko.

Kuweka kikomo cha kusubiri nako kulifanya kazi vizuri. Mzigo ukikwama, mtu huvutwa na tamaa ya kuokoa ushuru huku gari likiendelea kumla kidogo kidogo, hadi anapokuja kulipa vyote viwili. Hesabu ya siku tisa dhidi ya ushuru ilikuwa rahisi, lakini ilimpa mama sababu ya kulala usingizi Jumapili.

Vibali alivyoviandaa mapema pia vilimwokoa. Hakuna ofisa wa afya ya mimea wala wa mifugo aliyemsimamisha hata saa moja. Tukilinganisha pande hizo mbili tunaona mtu yuleyule, mwenye bidii ileile, akifaulu pale alipouliza kabla ya kununua na kukwama pale alipoahirisha kuuliza. Uzembe haukuwepo. Aliamini tu kwamba vibali ni jambo la kitaalamu na forodha ni jambo la mpakani.

Mzigo wa pili

Miezi kadhaa baadaye aliagiza lori jingine. Safari hii rasimu ya ankara ilipita kwa wakala wa Mbeya kabla ya malipo ya awali, ikarudishwa mara mbili kwa muuzaji, mara ya kwanza kwa sababu ya maelezo ya bidhaa na mara ya pili kwa sababu uzito wa jumla haukulingana na orodha ya vifungashio. Oda ilitaja cheti cha SADC kwa jina, na sehemu ya mwisho ya malipo ikazuiwa hadi nakala ya cheti iwe imetumwa. Nauli iliandikwa kwa mistari miwili tangu siku ya kwanza, na mkataba na mwenye lori ukataja siku za kusimama bila malipo na bei ya kila siku inayozidi.

Gari lilikaa Tunduma usiku mmoja. Ada ya wakala ilikuwa ndogo kuliko gharama ya siku mbili za gari kusimama katika safari ya kwanza, na kilo ya mashudu ilimfikia kwa bei iliyomwezesha kupunguza bei ya mfuko wa chakula cha vifaranga. Dai lake dhidi ya kishoka halijapata ufumbuzi, kwa kuwa malipo yalikuwa taslimu na hakuna risiti; kampuni ambayo leseni yake ilitumika inasema haimfahamu.